Istilahi za Mafuriko: Droni, Hatari na Kuhamishwa

Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu, wakishirikiana na wananchi wa kata zinazokumbwa na mafuriko Dar es Salaam, walianza kuchora ramani za mitaa yao katika mradi ulioitwa Ramani Huria. Mwaka uliofuata Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilianza kuvipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kutoka angani. Kazi zote mbili zilitumia vyombo vidogo virukavyo bila mtu ndani. Ufundi umetangulia, nayo lugha yaufuata kwa kuchechemea. Katika makala haya twakusudia kuyapima maneno machache ambayo mfasiri hana budi kukutana nayo katika taarifa za namna hii, maana kwa maneno hayo huamuliwa nyumba ya mtu ibaki au ivunjwe.

Tuanze na chombo chenyewe. Wengi wamezoea kukiita ndege nyuki. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa hapo lina maana ya dume la nyuki, mdudu asiyechoma wala asiyetafuta chakula mauani. Mswahili asikiapo nyuki hawazi dume hilo, huwaza mwiba. Hata hivyo mvumo wa chombo wafanana kweli na wa nyuki, na watoto wamekwisha kulipenda jina, kwa hiyo hatuoni sababu ya kulipiga vita mitaani. Lenye taabu zaidi ni lile linalopendwa maofisini: ndege isiyo na rubani. Kwanza rubani yupo, ila amesimama chini, kidude cha kuongozea ki mkononi. Pili, na hili ndilo kubwa, upatanisho wa kisarufi hulivuruga. Mtu akiandika “picha za ndege zisizo na rubani zilizopigwa Tandale”, msomaji ana haki ya kuuliza ni picha zilizopigwa au ni ndege. Sisi twaona kwamba katika maandishi ya kiserikali neno droni latosha, kama lilivyotosha redio.

Neno la pili ni hatari, nalo ndilo lililotusukuma kushika kalamu. Wataalamu wa maafa hutenga mambo mawili: maji yenyewe yawezayo kuja, na hasara iwezayo kuwapata watu yakija. Jambo la pili hutegemea la kwanza, lakini hutegemea pia nani anakaa hapo, nyumba yake ni ya tope au ya saruji, na kama ana pa kukimbilia. Kwa Kiswahili tumeyaita yote mawili hatari. Mahali patupu katika bonde la Msimbazi panaweza kufunikwa na maji kila masika pasiumie mtu. Mtaa uliosongamana waweza kuangamia kwa maji machache tu. Wako wanaojaribu kuitenga maana ya pili kwa neno kihatarishi, ambalo limeenea sana katika taarifa za ukaguzi. Lakini umbo la neno hilo lapinga. Kihatarishi ni kitu kinachohatarisha, yaani maji, wala si hasara. Twapendekeza tishio litumike kwa maji na hatari ibakie kwa yale yawezayo kuwafika watu.

Si ubishi wa maneno matupu. Kwa kuunganisha picha nyingi zinazopandana, droni huwezesha kujua kimo cha ardhi na cha mapaa, na mifereji ya wazi yaonekana vizuri. Haioni kalvati lililozibwa chini ya barabara, wala haijui kwamba ndani ya nyumba fulani yumo mgonjwa asiyeweza kuinuka. Basi taarifa isemayo kwamba droni “zimepima hatari” imedai zaidi ya zilichofanya. Zimesaidia kupima tishio. Hatari hupimwa kwa kubisha hodi.

Kwetu Murangi, kando ya Ziwa Viktoria, hata neno mafuriko lenyewe halikai sawa. Kufurika ni kujaa hadi kumwagika, na mto ukimwagika hatimaye hurudi. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kufikia kipeo kilichowekwa mwaka 1964. Maji hayo hayakuja kwa kishindo wala hayakuondoka keshoye. Yalisogea polepole, yakakaa. Watu husema “ziwa limejaa”, nasi twaona kujaa kwa ziwa kwastahili kuwa istilahi yake peke yake. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ukingo upi? Mwaka 2006 ziwa lilikuwa limeshuka mno. Mahali penye ardhi tambarare, nyumba iliyokuwa halali kwa ukingo wa 2006 yaweza kuwa haramu kwa picha iliyopigwa 2020. Mfasiri asiandike ukingo bila kutaja ni wa mwaka gani.

Limebaki neno kuhamishwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na baadhi ya waliookoka wakapewa viwanja Mabwepande. Desemba 2015 nyumba za Msimbazi zilitiwa alama ya X nyekundu na kubomolewa. Mradi wa bonde hilo ulioidhinishwa mwaka 2022 ukaja na fidia. Mambo hayo matatu yameandikwa kwa neno moja, ingawa sarufi yetu imetupa njia ya kuyatenga. Kuhamishiwa hudai mahali: umehamishiwa wapi? Kuondolewa hakudai kitu. Ikiwa hati ya asili haitaji kiwanja wala mahali, mfasiri aandike kuondolewa, hata kama mkubwa wake atakunja uso.

Kuhusu kina cha maji, ramani nyingi hutumia mita na nukta zake, hali wananchi husema maji ya magoti, maji ya kiuno, maji ya shingo. Twaomba wasomaji wa kando ya ziwa, na wa pwani pia, watuletee maneno mengine ya namna hiyo, pamoja na lile wanalotumia kwa maji yaliyoingia ndani yakakataa kutoka.