Hongera, fundi redio

Tawi la Reli ya Kati lilifika Mwanza mwaka 1928, likaishia hapo. Tarime na Serengeti hakuna reli hadi leo. Lakini mpelekee fundi redio wa Tarime mjini, Sirari au Mugumu kitreni cha kuchezea cha mtumba, uone kama atababaika.

Kwanza atauliza kimetoka wapi. Swali la maana sana: cha Marekani kinataka volti 120, na kwetu ukutani kuna 230. Ukikichomeka hivyohivyo, transfoma inatoa moshi. Fundi anafunga adapta ya 230 inayotoa volti 12 za DC, basi.

Kikigoma bado, hakimbilii bisibisi. Anafuta reli na magurudumu kwa kitambaa chenye spiriti, maana umeme wa mota unapita humohumo na kutu kidogo tu inaukata. Halafu anashika mita, anafuatilia waya mmoja baada ya mwingine. Kaboni za mota huzichungulia mwisho. Zikiwa zimelika, anachonga za mota nyingine, taratibu, mpaka zikae.

Nasi wateja, bila haya: “Fundi, si umefuta tu? Punguza basi.”