Jeli Inaposinyaa: Uhakiki wa Matumizi ya Densiti na Kiasi cha Maji katika Tafiti za Jeli za Polima

Uhakiki huu unachunguza kauli inayorudiwa mara nyingi katika maelezo ya jeli za polima: kwamba halijoto ikipanda, jeli hupoteza maji na densiti yake huongezeka. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inaifanya tabia ya baadhi ya jeli ionekane kuwa kanuni ya jeli zote. Aidha, inachanganya vipimo viwili vinavyopaswa kutenganishwa. Hoja ya msingi hapa ni kwamba densiti haiwezi kusimama badala ya kiasi cha maji.

Mjadala huu unaanzia kwenye makala ya Toyoichi Tanaka ya mwaka 1978 katika jarida la Physical Review Letters. Tanaka alionesha kwamba jeli ya poliakrilamidi iliyolowekwa katika mchanganyiko wa asetoni na maji inaweza kusinyaa ghafla kutokana na badiliko dogo la halijoto au la kiwango cha asetoni, kisha ikarudi katika hali yake ya awali. Ubora wa kazi hiyo ni kuthibitisha kwa majaribio badiliko la ghafla ambalo Dušek na Patterson walikuwa wamelibashiri kinadharia mwaka 1968. Udhaifu wake ulikuwa katika kueleza chanzo, na Tanaka na wenzake waliushughulikia mwaka 1980 walipoonesha nafasi ya ioni zilizofungamana na mtandao wa polima.

Jambo linalosahauliwa na wengi ni kwamba jeli hiyo ya asetoni na maji husinyaa inapopozwa. Inayosinyaa kwa kupashwa joto ndani ya maji ni ya poli-N-isopropilakrilamidi, ambayo mpaka wake uko karibu na nyuzi 32 za Selsiasi. Chini ya mpaka huo, molekuli za maji hushikamana na minyororo ya polima kwa vifungo vya haidrojeni. Juu yake, sehemu za mnyororo zisizopatana na maji hukusanyika na maji hutoka. Hivyo, mwelekeo wa badiliko huamuliwa na uhusiano wa polima na kiyeyushi chake.

Suala la densiti linahitaji hesabu. Tuchukulie gramu 1 ya polima kavu yenye densiti ya 1.2, ikiwa imefyonza gramu 19 za maji yenye densiti ya 1.0. Densiti ya jeli hiyo ni takribani 1.008. Ikisinyaa hadi kubakiwa na gramu 1 ya maji, densiti inakuwa takribani 1.091. Maji yamepungua mara 19 na ujazo umepungua takribani mara 11, ilhali densiti imepanda kwa asilimia 8 tu. Hata asilimia ya maji, inayoshuka kutoka 95 hadi 50, inaficha ukubwa wa upotevu huo. Zaidi ya hayo, densiti ya maji yenyewe hushuka kutoka takribani 0.998 katika nyuzi 20 hadi 0.992 katika nyuzi 40. Badiliko hilo la 0.006 linakaribia ile tofauti ya 0.008 iliyoitenga jeli iliyovimba na maji. Mtafiti asiyelirekebisha anaweza kudhani anapima jeli, kumbe anapima kutanuka kwa maji.

Kasoro nyingine ni kupuuza muda. Tanaka na Fillmore walieleza mwaka 1979 kwamba muda wa jeli kuvimba huongezeka kwa mraba wa kipimo chake. Kipande cha sentimita 1 huhitaji muda mara 100 ya kile cha milimita 1. Aidha, jeli ikipashwa joto haraka, tabaka la nje huweza kukaza na kuyazuia maji ndani. Matokeo yasiyotaja ukubwa wa kipande na muda wa kusubiri hayathibitishi kwamba jeli imefikia msawazo.

Umuhimu wa tahadhari hii unaonekana katika tiba, kwa kuwa nyuzi 32 ziko karibu na nyuzi 37 za mwili. Jeli iliyokusudiwa kuachilia dawa ikisinyaa mapema, au isiposinyaa, kipimo cha dawa hubadilika. Kwa hiyo, inapendekezwa kwamba kila utafiti uripoti tungamo la maji kwa gramu ya polima kavu, ujazo na densiti, kila kimoja peke yake, pamoja na kiyeyushi, ukubwa wa kipande na muda uliotumika. Bila hayo, msomaji hawezi kulinganisha jeli moja na nyingine.