Mikono Iliyoning'inia: Uhakiki wa Sinema "We Met in Virtual Reality"

Si desturi ya kurasa hizi kuhakiki sinema, sembuse sinema iliyosemwa kwa Kiingereza. Tumeivunja desturi hiyo kwa sababu moja tu: katikati ya sinema hii pana darasa la lugha, na mwalimu wa lugha hawezi kulipita darasa lolote bila ya kuchungulia dirishani.

Mwongozaji wake ni Joe Hunting, Mwingereza. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance, Marekani, mwezi wa Januari 2022, na mwezi wa Julai mwaka uo huo ikatolewa na HBO. Ni sinema ya mambo ya kweli, si hadithi ya kubuni. Walakini hakuna hata picha moja ndani yake iliyopigwa katika ardhi hii tunayoikanyaga. Yote imepigwa ndani ya VRChat, yaani dunia iliyoundwa kwa kompyuta, ambamo watu wa nchi mbalimbali hukutana kwa njia ya intaneti, kila mmoja akiwa amevaa umbo alilojichagulia: huyu binti wa katuni, yule mbweha, mwingine roboti. Programu hiyo ilianza mwaka 2014, na tangu mwaka 2017 imekuwa ikipatikana katika duka la Steam bila malipo.

Hatuna budi kueleza kwanza jinsi watu wanavyoingia humo, maana hoja yetu yote imesimama juu ya jambo hilo. Tutazame milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa mwenye miwani ya kielektroniki, ile inayofunika macho kabisa, pamoja na vishikio viwili vya mikononi. Mtu huyu akigeuza kichwa, umbo lake hugeuza kichwa. Akiinua mkono, mkono huinuka. Mlango wa pili ni wa mtu aliyeketi mbele ya kompyuta ya kawaida, mwenye kibodi na kipanya tu. Huyu pia huingia, huona watu wale wale, husikia na kusema. Hutembea kwa kubonyeza vitufe, huchuchumaa kwa kitufe cha C na kulala kwa kitufe cha Z. Ila mikono yake hukosa uhai: hufuata miondoko iliyopangwa na programu, na asimamapo huning'inia tu ubavuni. Tofauti ya milango hii ni fedha. Seti kamili ya Valve Index, yenye vishikio vinavyohisi kila kidole, ilitoka mwaka 2019 kwa dola 999. Quest 2, iliyo rahisi zaidi, ilitoka Oktoba 2020 kwa dola 299. Kibodi mwenye kompyuta anayo tayari.

Turudi kwenye sinema. Hunting alipiga picha wakati wa janga la UVIKO-19, wengi walipokuwa wamefungiwa majumbani. Alitumia kamera ya kuundwa, VRCLens, ambayo humwezesha mpiga picha kuvuta taswira karibu na kulifanya jambo moja lionekane wazi huku mengine yakififia nyuma. Matokeo yake ni ya kustaajabisha. Tumezoea kufikiri kwamba katuni haina aibu wala huzuni. Hapa tunaona umbo la katuni likiinamisha kichwa kabla ya kujibu swali gumu, nasi tunatambua kwamba kichwa kilichoinama ni cha mtu. Mtunzi hakuweka msimulizi wa kutueleza la kufikiri. Anawafuata wapenzi waliokutana humo, mafunzo ya dansi ya tumbo, sherehe za marafiki, na zaidi ya yote darasa la lugha ya ishara la jumuiya iitwayo Helping Hands, ambamo viziwi na wasikiao hujifunza pamoja.

Sehemu za mapenzi tutazipita haraka. Ni nzuri, lakini zimerefushwa, na mtunzi anawapenda mno wahusika wake hata hawaulizi neno la kuwasumbua. Darasani ndiko uzito wa kazi hii ulipo.

Katika darasa lile mwalimu husimama mbele na wanafunzi humkabili, kama katika darasa lolote. Anafanya ishara, nao wanaiga. Maumbo yamechanganyika, wafupi na warefu, wengine hata si binadamu, lakini mikono yote inakwenda pamoja. Inaonekana wazi kwamba wanafunzi hawachezi. Wanatafuta njia ya kusema na mwenzao asiyesikia. Mwalimu yeyote aliyewahi kuona darasa zima likilipata neno jipya kwa pamoja ataijua furaha ile.

Lakini lugha ya ishara si mikono tu kwa ujumla wake. Tangu William Stokoe alipochapisha uchunguzi wake juu ya lugha ya ishara ya Marekani mwaka 1960, wanaisimu wamekubali kwamba ishara hujengwa kwa viungo vidogo, kama neno linavyojengwa kwa sauti: umbo la kiganja, mahali kiganja kinapowekwa, na mwendo wake. Baadaye waliongeza mwelekeo wa kiganja na mabadiliko ya uso. Badili kimoja, na maana yaweza kubadilika, kama vile "pata" na "bata" yanavyotofautishwa na sauti moja.

Basi na tuwapime watu wa milango miwili kwa kipimo hicho. Mwenye vishikio vizuri anapata mahali na mwendo, na sehemu kubwa ya umbo la kiganja. Si yote: kishikio hupima jinsi kidole kinavyokunjwa, hakipimi vidole vinavyopishana, na herufi R katika alfabeti ya vidole ya Marekani hufanywa kwa kupishanisha vidole viwili. Hivyo viziwi wa VRChat wamebuni ishara mbadala, na lugha yao humo imeanza kupata lahaja yake. (Jambo hili peke yake lingestahili sinema nyingine.) Mwenye kibodi je? Yeye amepewa maumbo saba tu ya kiganja, yanayoitwa kwa vitufe: ngumi, kiganja wazi, kidole cha kuonyesha, vidole viwili, na mengineyo matatu. Mahali hana, maana hawezi kuupeleka mkono kifuani au kidevuni kwa hiari yake. Mwendo hana. Ni sawa na mwanafunzi wa Kiswahili aliyepewa konsonanti saba bila irabu hata moja, kisha akaambiwa karibu tuzungumze.

Hapa ndipo lawama yetu kwa mtunzi inapoanzia. Dhamira ya sinema ni kwamba katika dunia ile mtu hupokewa kama alivyo, bila kujali mwili wake, nchi yake, wala masikio yake. Dhamira hiyo haikutiwa katika mtihani wake mgumu. Wahusika wakuu wote ni watu wenye mikono: wanacheza, wanakumbatiana, wanafundisha kwa ishara. Yule aliyekuja kwa kibodi, anayesimama nyuma ya darasa na mikono iliyoning'inia, akielewa kila ishara lakini asiweze kujibu hata moja, hakupewa nafasi ya kusema lake. Mtazamaji asiyejua hutoka akidhani kwamba mlango ni mmoja.

Riwaya imeliona jambo hili mapema kuliko sinema. Neal Stephenson, katika Snow Crash iliyotoka mwaka 1992, riwaya iliyotupa neno "metaverse", aliwaweka katika dunia yake ya kompyuta watu wanaoingia kwa mashine duni za hadharani. Hao huonekana kwa rangi nyeusi na nyeupe, wenye chengachenga, na wenye maumbo ya fahari huwadharau. Stephenson aliandika kwa kejeli, lakini alifahamu kwamba dunia mpya hujengwa na tabaka zake tangu siku ya kwanza. Hunting, aliyeishi ndani ya dunia yenyewe, alikuwa na ushahidi ambao mwandishi wa riwaya hakuwa nao, naye hakuutumia.

Hatusemi kwamba mwenye kibodi ni mgeni wa nusu katika kila jambo. Second Life, iliyofunguliwa mwaka 2003, ilijengwa kwa ajili ya kibodi, na watu wamefanya humo biashara, ibada na masomo bila miwani yoyote. Hubs ya shirika la Mozilla, iliyoanza mwaka 2018, ilimruhusu mtu aingie kwa kiungo tu, iwe kwa simu, kompyuta au miwani, na wote wakakutana katika chumba kimoja. Mozilla waliifunga tarehe 31 Mei 2024. Katika VRChat yenyewe sauti ya mwenye kibodi hutoka pale aliposimama, hukua unapomkaribia na hufifia unapoondoka, sawasawa na ya mwenzake mwenye miwani. Kwa hiyo anayejifunza lugha ya kusemwa kwa kinywa, Kiswahili kwa mfano, hapotezi mengi akiketi mbele ya kibodi. Anayejifunza lugha ya ishara anapoteza kinywa chake. Yamkini mtu akasema kwamba anaweza kuandika, na kweli mwaka 2022 VRChat iliongeza kisanduku cha maandishi kinachotokea juu ya kichwa cha mwandishi. Hilo lamsaidia kueleweka, lakini anajibu kwa Kiingereza cha maandishi katika darasa la lugha nyingine, jambo ambalo waalimu wenzetu wanajua madhara yake.

Pamoja na hayo tunaipendekeza sinema hii kwa vyuo na vyama vya lugha. Ina urefu wa dakika 91. Mna sehemu za kilabu cha dansi zisizofaa kwa watoto, hivyo shuleni ichaguliwe sehemu ya darasa la ishara peke yake. Kabla ya kuionyesha, mwalimu awafundishe wanafunzi ishara nne au tano za lugha ya ishara ya nchi yao, akishirikiana na mtu anayeijua barabara. Baada ya kuionyesha, nusu ya darasa iruhusiwe kuzungumza kwa ishara hizo, na nusu nyingine ikae mikono ikiwa imelala ubavuni, ikikunja na kukunjua vidole bila kuinua mkono. Dakika tano zatosha, kisha wabadilishane zamu.