Pipa la Taka na Pointi 25

Mimi ni mlinzi wa usiku. Waganda wanasema askari, sisi wa Bukavu tunasema sentinele. Nasema hivyo mwanzoni ili msomaji ajue ninaangalia mchezo kwa macho gani. Naangalia geti kwanza, ndipo naangalia wanaopita.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 30 Oktoba 2017, nilikuwa kibandani kwangu hapa Kampala na simu mkononi. MB nilinunua kwa pesa aliyonitumia mtoto wa mama mkubwa, anayekaa Houston, Texas. Yeye alipata safari, faili langu mimi bado liko mezani kwa watu. Aliniandikia: "Ndugu, leo usilale, utaona kitu." Nikamjibu kulala siyo kazi yangu.

Ulikuwa mchezo wa tano wa World Series, fainali ya besiboli ya Marekani: Houston Astros na Los Angeles Dodgers, kila timu imeshinda mara mbili. Kwa wenzangu wanaojua soka tu: mtupaji anarusha mpira, mpigaji anangoja na fimbo. Akiupiga mpaka nje ya uwanja, hiyo ni homu rani. Anazunguka vituo vyote na kurudi nyumbani, na wenzake waliokuwa vituoni wanaingia pia. Kila timu inapiga zamu tisa. Wakitoka sare, zamu zinaongezwa.

Mtupaji basi ndiye sentinele. Usiku ule kila timu iliweka geti lake bora: Clayton Kershaw kwa Dodgers, Dallas Keuchel kwa Astros, wote wameshawahi kupewa tuzo ya mtupaji bora wa ligi yao. Mtu angetegemea 2–1, watu walale mapema. Ilianza saa tisa na dakika ishirini za usiku kwetu. Ilipoisha jua lilikuwa limeshapanda, saa mbili na nusu imepita. Saa tano na dakika kumi na saba, homu rani saba, 13–12.

Wajuzi wengine wanasema pointi nyingi ni ishara ya mchezo mbovu, maana watupaji wameshindwa kazi. Kama mlinzi nawaelewa. Ila usiku mbaya wa mlinzi ni hadithi nzuri kwa anayesikiliza. Uzuri wa mchezo ule ulikuwa kwamba hakuna aliyeongoza akakaa salama. Dodgers walikuwa 4–0, Yuli Gurriel akapiga, ikawa 4–4. Cody Bellinger akawapeleka Dodgers 7–4. Zamu ile ile, José Altuve akairudisha 7–7. Katika zamu ya saba George Springer wa Astros alijirusha kudaka mpira, akaukosa, Dodgers wakapita mbele 8–7. Dakika chache baadaye yeye mwenyewe akaingia kupiga, na mpira wa kwanza kabisa aliorushiwa akautuma nje: 8–8. Nilisimama kibandani kama mwenda wazimu. Mbwa wa bosi akabweka.

Asubuhi alipofika mwenzangu wa zamu, mimi sikwenda nyumbani. Nilikaa kwenye ngazi ya duka la jirani, simu imebaki na chaji kidogo. Zamu ya tisa, Astros wako 12–9. Yasiel Puig akapiga homu rani ya pointi mbili. Baadaye Chris Taylor, wenzake wawili wameshatolewa na yeye mwenyewe amebakiza kosa moja tu, akapiga ikawa 12–12. Zamu ya kumi, Alex Bregman alipiga, Derek Fisher akakimbia kutoka kituo cha pili mpaka nyumbani. Kwisha.

Binamu alinitumia sauti ya dakika mbili, na sehemu kubwa ni kulia. Mwezi wa nane mafuriko ya kimbunga Harvey yalikuwa yameingia kwenye chumba chake, yakaharibu godoro na karatasi. Wachezaji wa Houston walivaa kitambaa kifuani kwa ajili ya mji ule. Alisema, "Kwa mara ya kwanza nimefurahi pamoja na majirani zangu. Leo nimekuwa wa hapa." Siku tatu baadaye Astros wakachukua kombe, la kwanza katika historia yao.

Halafu mwaka 2019 mtupaji aliyewahi kuchezea Astros, Mike Fiers, akafungua mdomo. Januari 2020 ligi ikatoa ripoti yake. Mwaka ule wa 2017 Astros walitumia kamera kusoma ishara za siri kati ya mdakaji na mtupaji wa timu pinzani, na nyumbani kwao mtu aligonga pipa la taka kumjulisha mpigaji mpira gani unakuja. Ripoti ilisema waliendelea kuiba ishara hadi mechi za mwisho wa msimu. Timu ilitozwa dola milioni 5, na meneja mkuu na kocha wakafungiwa mwaka mmoja, kisha wakafukuzwa. Wachezaji hawakuadhibiwa. Kombe lilibaki.

Tulipofungiwa ndani kwa sababu ya korona niliutazama mchezo wote tena, spika sikioni, nikitafuta pipa. Sikusikia kitu, kelele za watu zinafunika kila kitu. Hilo liliniumiza zaidi, maana siwezi kusema pointi hii ni ya wizi na ile ni ya jasho. Sisi tuliopita mahojiano tunajua jambo hili. Wakikuta neno moja halilingani, hadithi yako yote inaanza kuangaliwa vibaya, hata sehemu ya ukweli.

Wengine wanataka mchezo ule ufutwe kabisa. Wengine wanasema bado ni mchezo bora wa karne. Mimi nakataa yote mawili. Nilipoutazama mara ya pili niliona kitu ambacho mara ya kwanza furaha ilinificha: timu ya ajabu usiku ule ni iliyoshindwa. Dodgers walikuwa ugenini, mbele ya wapigaji ambao huenda walikuwa wanajua kinachokuja, na bado walifunga pointi 12. Walikuwa nyuma kwa tatu zamu ya mwisho, wakarudi. Pigo la Taylor halikuhitaji pipa. Kama kuna ukurasa wa kuhifadhi, ni ule.

Nilimwambia binamu hivyo. Alinyamaza siku mbili, kisha akajibu: "Ndugu, wezi ni wezi. Lakini machozi yangu sikuiba." Nadhani ana haki. Furaha yake ilikuwa ya kweli. Ninachokataa ni furaha hiyo kuitwa itoe ushahidi upande wa waliogonga pipa.

Tukikumbushana mchezo ule siku hizi, yeye anaanzia 4–0, Houston wakiwa chini. Mimi naanzia 12–9. Tukifika 12–12 tunazungumza habari nyingine.