Biashara Iliyochaguliwa na Wateja wa Thika

Kutoka Mbezi Mwisho kuelekea Kibaha, fremu zilizojipanga kando ya Barabara ya Morogoro zinalijibu swali la "nifungue biashara gani?" kwa sauti moja. Wakala wa pesa, saluni, vifaa vya ujenzi, chipsi, duka la dawa, kisha wakala tena. Kibamba nako ni hivyo hivyo. Mtu akipata mafao, au zamu yake ya mchezo ikifika, anapita barabarani kuangalia wapi pana foleni, anakodi fremu ya jirani, analipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, anapaka rangi na kutundika bango. Mwezi wa pili foleni ile imegawanyika. Mwezi wa tano anatafutwa mtu wa kuachiwa fremu.

Asilaumiwe sana. Foleni ni ushahidi, na mwenye mtaji wa kuungaunga hawezi kubahatisha. Kasoro ni kwamba foleni inamwonyesha tatizo ambalo mwenzake amekwisha kulitatua. Ipo namna nyingine ya kusoma mtaa, na mfano wake mzuri kuliko yote umeandikwa kwenye bango lile lile analolitundika. Huduma ya kutuma pesa kwa simu, iliyowapa kazi mawakala wote hawa, ilianza na wazo jingine kabisa, na wazo hilo halikufanya kazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Nick Hughes, mfanyakazi wa Vodafone makao makuu Uingereza, aliomba fedha kwenye mfuko wa ushindani wa shirika la misaada la serikali ya nchi hiyo, DFID. Mfuko ulitoa karibu pauni milioni moja na kampuni ikachangia kiasi cha kulingana nacho. Wazo lilikuwa mikopo midogo. Nchini Kenya, taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya ilikuwa ikikopesha watu kupitia vikundi. Wanakikundi wanakutana, wanatoa marejesho mkononi, noti zinahesabiwa mbele ya wote, kisha mtu anazibeba hadi benki. Kazi ndefu, na ya hatari. Simu ingemwezesha mkopaji kulipa akiwa kwa wakala wa vocha aliye jirani naye. Kwenye karatasi hakuna ambaye angelipinga wazo hilo: tatizo lipo, mwenye tatizo anajulikana, na teknolojia ipo.

Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, chini ya Susie Lonie, mtaalamu wa Vodafone aliyehamia Kenya kwa kazi hiyo. Ukubwa wake unastahili kutazamwa kwa makini. Mawakala walikuwa wanane. Wateja hawakufika 500, na walipewa simu. Kampuni yenye matawi duniani na karibu pauni milioni mbili mezani iliona heri ianze na kitu ambacho ukikiweka Kibamba hakijazi mtaa mmoja.

Kwa lengo lililoandikwa, majaribio yalisuasua. Faulu ilipata taabu kuoanisha vitabu vyake na mfumo mpya. Kulikuwa na jambo zito zaidi pia. Katika mkopo wa kikundi, mkutano wenyewe ndio dhamana: unalipa kwa sababu mama fulani na baba fulani wanakutazama, na usipolipa ndio watakaobeba mzigo wako. Ukimpa mkopaji njia ya kulipa bila kuhudhuria, umemwondolea adha na papo hapo umekata kamba iliyokuwa ikimfunga. Wazo lilitatua tatizo la kubeba noti kwa kugusa kitu ambacho mwenye biashara ya mikopo hakutaka kiguswe.

Lakini mfumo ulikuwa ukitumika. Watu walikuwa wakiingiza pesa na kuzitoa, tena kwa namna ambazo hakuna aliyewafundisha. Hughes na Lonie walizieleza baadaye katika makala waliyoichapisha 2007. Wapo wafanyabiashara waliolipana wao kwa wao. Wapo walioweka mauzo ya siku kwa wakala jioni na kuyatoa asubuhi, ili wasilale na pesa ndani. Aliyesafiri kati ya miji ya majaribio aliweka pesa huku, akaenda mikono mitupu, akazitoa kule. Wengine walinunua muda wa maongezi kupitia mfumo na kuurusha kwa ndugu shambani, ukawa ndio pesa ya matumizi.

Hapo ndipo uchaguzi wa biashara ulipofanyika. Mwenye wazo angeweza kuyaita haya matumizi mabaya ya mfumo na kuyafungia, na ripoti kwa mfadhili ingeandikika vizuri tu. Badala yake, mikopo iliwekwa kando na huduma ikabakizwa mambo machache: kuweka, kutuma, kutoa, kununua muda wa maongezi. Safaricom, mshirika wa Vodafone nchini Kenya, iliizindua huduma hiyo kwa jina la M-Pesa Machi 2007, kwa tangazo la kutuma pesa nyumbani. Kabla mwaka haujaisha, wateja walikuwa wamepita milioni moja.

Kilichosomwa Thika kinaweza kuelezwa kama hesabu ya kawaida ya dukani. Kabla ya M-Pesa, kijana wa mjini aliyetaka kumtumia mama yake pesa alikuwa tayari anagharamika. Alimpa dereva wa basi bahasha na chai juu yake, au alisubiri mtu anayekwenda kijijini, au alikwenda mwenyewe na kulipa nauli. Bahasha nyingine hazikufika. Kwa hiyo huduma mpya haikuhitaji kumshawishi mtu aanze kutoa pesa ambazo hakuwahi kuzitoa. Ilidai sehemu ya pesa zilizokuwa zikimtoka tayari, ikamrudishia usingizi. Mkopaji wa Faulu hakuwa na gharama kama hiyo. Kwenda kwenye mkutano kulimchosha, lakini hakukuwa na shilingi aliyokuwa akiitoa ili kukwepa mkutano. Tofauti ya mawazo hayo mawili iko hapo, na haionekani ukiwauliza watu kama "wangependa" huduma fulani. Kila mtu hupenda. Swali lenye jibu ni hili: hivi sasa mnalitatuaje, na linawagharimu kiasi gani?

Sehemu ya pili ya kisa hiki Watanzania wanaijua vizuri zaidi. Vodacom ilizindua M-Pesa Tanzania 2008, huduma ile ile, jina lile lile. Baada ya miezi 14 Kenya ilikuwa na watumiaji milioni 2.7; Tanzania, kwa kipindi sawa na hicho, ilikuwa na takriban 280,000. Wenye wazo walijiiga wenyewe na bado wakakwama. Safaricom ilikuwa na sehemu kubwa mno ya wateja wa simu wa Kenya, wakati Vodacom iligawana soko na wenzake, hivyo aliyetuma mara nyingi hakuwa mtandao mmoja na aliyetumiwa. Nchi ni kubwa, mawakala walikuwa wachache na wametawanyika, na wakala asiye na floti, au mwenye floti lakini hana noti, ni sawa na hayupo. Mambo yalianza kukaa sawa pale usimamizi wa mawakala ulipopangwa upya, na mawakala wakubwa wakapewa kazi ya kuwalisha floti walio chini yao. Huduma ilibaki ile ile. Kilichotengenezwa ni mabomba ya kuifikisha. Ndiyo maana hoja ya "kule Kimara inalipa" haitoshi kumfungulia mtu fremu Kibamba.

Kibamba yenyewe imebadilika upesi kiasi kwamba usomaji wa mwaka juzi unaweza kuwa umepitwa. Ilikuwa pembezoni mwa Kinondoni hadi Wilaya ya Ubungo ilipoanzishwa. Novemba 2017 Hospitali ya Mloganzila ilizinduliwa jirani, upande wa Kwembe. Februari 2021 stendi ya mabasi ya mikoani ilihamia Mbezi Luis kutoka Ubungo, ikahama na wasafiri, wapagazi na mama lishe. Barabara kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, ikapanuliwa kuwa njia nane.

Upanuzi huo ulianza kwa alama nyekundu za X. Mwaka 2017 majengo yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo ilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati, yalibomolewa kutoka Kimara hadi Kiluvya. Maduka yenye wateja wazuri yalikwenda na kifusi. Kwa mchambuzi wa biashara huo ni ukumbusho mkali kwamba wazo linaweza kuwa sahihi na kiwanja kikawa cha mwingine. Ukiambiwa fremu ya barabarani ni bei poa, uliza kwanza kipimo cha barabara kinaishia wapi.

Kisa cha maji kina mafunzo zaidi. Kwa miaka mingi maeneo mengi ya ukanda huu yaliishi kwa maboza, visima na madumu ya njano juu ya mikokoteni. Kwa kigezo cha Thika, hiyo ilikuwa biashara isiyo na kasoro: watu walikuwa tayari wanalipa, kila siku, na kwa uchungu. Ila mwaka 2017 mtambo wa Ruvu Juu ulizinduliwa baada ya kupanuliwa kutoka lita milioni 82 hadi milioni 196 kwa siku, na bomba lake kuu linapita ukanda huu huu, Mlandizi hadi Kimara. Nyumba inayounganishwa inaacha kumwita mwenye boza, isipokuwa siku za mgawo. Kumbe kigezo cha kwanza kinahitaji cha pili: nani mwingine ana nguvu ya kuliziba pengo hili, na atafika lini?

Pengo lenye mwisho si lazima likimbiwe. Reginald Mengi, aliyekuwa mhasibu mkubwa wa Coopers & Lybrand Dar es Salaam, aliingia kwenye biashara ya viwanda katika miaka ya 1980, wakati kalamu ya kuandikia ilikuwa bidhaa ya kutafutwa, kwa kuagiza vipande na kuviunganisha nyumbani. Enzi ya Ruksa, ya kufunguliwa kwa milango ya biashara, ilipojaza maduka bidhaa za kila namna, faida ya uhaba haikuweza kubaki ile ile. Hakubaki na kalamu. Sheria iliporuhusu utangazaji binafsi, mwaka 1994 alikuwa na ITV na Radio One. Mwenye boza wa Kibamba aliyeitumia faida ya miaka ya kiu kununua eneo au gari la mchanga alifanya hesabu ya aina hiyo, bila kuandikiwa kitabu.

Hata uwakala una mwenye uwezo wa kuubadilisha kwa siku moja. Julai 2021 serikali ilipoanza kukata tozo kwenye miamala ya simu, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mkubwa, wako waliorudi kubeba noti mfukoni. Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye tena. Wakala hakuwa amekosea chochote. Kipato chake kilikuwa kimeshikwa na mkono ulio mbali naye.

Sasa mtu aliye na milioni mbili au tatu Kibamba afanyeje na vigezo hivi? Mloganzila ni mahali pazuri pa kuanzia kusoma. Anayelaza mgonjwa ghafla hutoka nyumbani bila beseni, ndala, khanga ya pili, chupa ya chai, sabuni. Anavipata, kwa sababu lazima avipate, na njia anayotumia leo ina gharama: nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, au ndugu aliyeacha kazi kuvileta. Kurudi nyumbani Gongo la Mboto au Mbagala kufuata beseni ni safari ya nusu siku. Vijana wa bodaboda wa eneo hilo wanajua wanatumwa nini, saa ngapi, na wanalipwa shilingi ngapi kwa kutumwa. Siku chache za kukaa nao kijiweni na daftari zinatoa takwimu ambazo hakuna mshauri wa biashara anazo. Jaribio lenyewe halihitaji fremu: namba ya simu, bodaboda mmoja wa kuaminika, na mzigo mdogo ndani ya chumba cha kupanga. Ikitokea kwamba wanaopiga simu hawaulizi mabeseni, wanauliza mahali pa kulala ndugu waliotoka mikoani, hiyo si simu ya kukatwa. Kodi ya miezi sita inaweza kusubiri mpaka ijulikane inalipiwa duka au vyumba.