Kichwa cha Nduna na Subira ya Kamera

Filamu nyingi za fumbo huanza na maiti, kisha mtazamaji akafukuzana na swali la nani ameua. The Empty Grave, filamu ya hali halisi ya mwaka 2024 iliyoongozwa na Cece Mlay wa Tanzania na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani, haina haja na swali hilo. Muuaji anajulikana: ni utawala wa Wajerumani, uliomnyonga Nduna (kiongozi wa vita wa Wangoni) Songea Mbano mwaka 1906, katika Vita vya Majimaji. Kinachotafutwa ni kichwa chake. Kaburi liko hapa Songea, kichwa hakimo, na ukoo unaamini kilipelekwa Ujerumani.

Kwetu sisi wa Msamala, mjini hapa, kaburi hilo si habari ya mbali. Ni bodaboda tu hadi Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji, ambako kila Februari mashujaa walionyongwa hukumbukwa. Kwa hiyo niliitazama filamu hii kwa jicho kali. Mtu akija kupiga picha msiba wa nyumbani kwenu, lazima umwangalie anavyoingia mlangoni.

Wameingia kwa adabu. Kazi ya upelelezi wamewaachia wenye msiba: John Mbano, wakili, mzao wa Nduna, na mkewe Cesilia Mollel, mwalimu. Wao ndio wanaouliza, wanaosafiri, wanaosubiri majibu ya wakubwa. Hapo ndipo ninapouheshimu zaidi ufundi wa filamu hii, kwa sababu hakuna jambo gumu kwa mpiga picha kama kuonyesha kitu ambacho hakipo. Fundi mwenye pupa angeliziba pengo hilo kwa muziki wa kutisha na mafuvu yaliyomulikwa gizani. Hawa wameliacha pengo lionekane usoni mwa watu, na hofu ikatafuta njia yake kupitia mambo ya kawaida kabisa: ofisi, barua, rafu, namba. Taasisi moja tu ya Berlin ilipokea mafuvu takriban 7,700 mwaka 2011, na kati yake yapatayo 1,100 ya Afrika Mashariki yakafanyiwa utafiti. Ukishalijua hilo, kabati la chuma lililofungwa linatosha kukunyima usingizi. Na filamu yenyewe ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Berlin, mji huohuo.

Ina udhaifu, tena usio mdogo. Sambamba na akina Mbano, inaufuata ukoo wa Kaaya wa Meru, unaotafuta mabaki ya Mangi (chifu) Lobulu, naye aliyenyongwa na Wajerumani. Nia naielewa: mtazamaji ajue kwamba msiba huu si wa Songea peke yake. Lakini dakika hazikutosha kwa koo mbili. Ukianza kuzizoea sauti za wazee wa Meru, unahamishwa. Ukirudishwa kwao, unahitaji muda kukumbuka mlipoishia. Wale wazee walistahili filamu yao.

Halafu kuna ziara ya Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani, aliyekuja Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba radhi. Hakuna mwongozaji ambaye angeliacha tukio kama hilo. Hata hivyo, mgeni mkubwa ana msafara, itifaki na walinzi, na mwendo wa taratibu uliojengwa na familia unalazimika kumpisha. Mimi ningependa kamera ibaki na wanaukoo muda mrefu zaidi baada ya magari kuondoka, maana radhi imeombwa na kichwa hakijapatikana.

Anayetaka fumbo lifumbuliwe kabla ya majina ya wahusika kupita kwenye skrini atanung'unika. Ningewalaumu Mlay na Wegner kama wangempa anachotaka. Wangeweza kupanga picha za mwisho zituliwaze, watu wakatoka ukumbini wakidhani jambo limekwisha. Wameikabidhi filamu ikiwa na deni lilelile ambalo ukoo wa Mbano unalo, na wanaotakiwa kulilipa wanajulikana waliko.