Vyaelea, Lakini Viliundwa Wapi? Maoni juu ya Mzozo wa Asili ya Bendi ya Queen

Wahenga walisema kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii hutufunza kumtafuta fundi na kiwanda chake kabla ya kukisifu chombo. Lakini haikutuambia la kufanya endapo mafundi ni wengi, na kila bandari inadai kuwa chombo kiliundwa kwake. Ndivyo ilivyo kwa bendi ya Queen ya Uingereza, ambayo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Katika makala haya nakusudia kuyapima masimulizi yanayotolewa juu ya mwanzo wa bendi hiyo, na kuonyesha kuwa ubishi uliopo hautokani na uhaba wa habari, bali na mahali ambapo kila msimulizi huchagua kuanzia.

Huenda msomaji wa hapa Asiatique, Bujumbura, akauliza: habari za bendi ya Uingereza zatuhusu nini? Jibu limo katika jina la mtaa wenyewe. Utawala wa Kibelgiji uliugawa mji wa Usumbura, kama ulivyoitwa zama hizo, kwa rangi za watu: Wazungu kwao, Waafrika kwao, na wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu wakawa na mtaa wao. Utawala ule ulikoma mwaka 1962, jina likabaki. Wapo watu wenye asili ya Bara Hindi waliozaliwa hapa, wakakipata Kiswahili dukani na barazani, na hata hivyo huulizwa kwao ni wapi. Swali hilo hilo ndilo linalogombaniwa juu ya Bulsara wa Unguja.

Kwanza yafaa tuutambue muziki wenyewe. Wapo wanaokataa kuiweka Queen katika fungu la roki nzito, ile ya magitaa ya umeme yenye kishindo, iitwayo hevi metali. Wanazikumbuka nyimbo zake za baadaye, zilizo laini zaidi. Lakini anayezisikiliza santuri zake tatu za mwanzo, moja ya mwaka 1973 na mbili za 1974, hawezi kuukana uzito ule. Ushahidi mwingine ni wimbo “Stone Cold Crazy” wa mwaka 1974. Bendi ya Metallica, ambayo hakuna abishaye kuwa ni ya hevi metali, iliurekodi upya mwaka 1990 na kupata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Wimbo huo una jambo jingine la kutufaa hapa: ulikuwa wa kwanza kuandikwa kwa majina ya wanabendi wote wanne, kwa kuwa ulikuwa umepita katika mikono mingi tangu siku za bendi ya awali ya Mercury, hata haikuwezekana kumtaja mtungaji mmoja. Ikiwa wenyewe walishindwa kuugawa wimbo mmoja, sisi tutaigawaje historia nzima?

Hata mwaka wa kuzaliwa kwa bendi hauna mwafaka. Mwaka 2020 posta ya Uingereza ilitoa stempu za kuadhimisha miaka 50 ya Queen. Hesabu hiyo yaturudisha mwaka 1970. Lakini wanabendi wenyewe waliadhimisha miaka 40 mwaka 2011. Hesabu hiyo yaturudisha mwaka 1971. Wote wana hoja. Mwaka 1970 Tim Staffell aliiacha bendi iliyoitwa Smile, nayo ikabaki na Brian May, mpiga gitaa, na Roger Taylor, mpiga ngoma. Mercury akajiunga nao. Tarehe 27 Juni mwaka huo walipiga muziki mjini Truro, na tangazo bado lilikuwa na jina la zamani. Wapigaji kadhaa wa gitaa la besi walipita hadi John Deacon alipoingia mwaka 1971, na hapo ndipo wanne hao walipokamilika. Basi anayehesabu tangu jina na anayehesabu tangu kukamilika kwa wachezaji hawasemi uongo; wanajibu maswali mawili tofauti.

Uongo, au tuseme upotoshaji, umo katika sinema ya “Bohemian Rhapsody” ya mwaka 2018. Humo Mercury anakutana na May na Taylor usiku uleule Staffell anapoondoka, kana kwamba ameshuka kutoka mbinguni. Naye Deacon yumo tangu onyesho lao la kwanza. Ukweli ni kwamba Mercury na Staffell walisoma pamoja katika chuo cha sanaa cha Ealing, na Mercury aliifuata Smile kwa muda mrefu huku akiimba katika bendi nyingine, Ibex, iliyobadilishwa jina ikawa Wreckage. Mtunzi wa sinema ana ruhusa ya kufupisha. Lakini ufupisho huu umefuta uanagenzi, na mtazamaji kijana anafundishwa kuwa kipaji hakihitaji miaka ya kushindwa. Gitaa la May lenyewe lakanusha fundisho hilo: alilitengeneza kwa mikono pamoja na baba yake kuanzia mwaka 1963, na shingo yake waliichonga kutoka ubao wa meko ya zamani. Hicho ni chombo kilichoundwa kwa maana halisi ya neno.

Tuvuke sasa bahari, twende Unguja. Huko historia huanzia kwenye mlango. Wageni wamekuwa wakionyeshwa nyumba zaidi ya moja katika Mji Mkongwe na kuambiwa kuwa hapa ndipo alipoishi Mercury. Na mwaka 2019 ilifunguliwa makumbusho yake huko Shangani. Nyumba njema si mlango. Tukiingia ndani twakuta mambo yaliyo wazi: baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu chini ya utawala wa Kiingereza, familia ilikuwa ya Waparsi wenye asili ya Gujarat, na mtoto alipelekwa Bara Hindi kusoma akiwa na umri wa miaka minane hivi. Alirudi ujanani, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza.

Kwa hiyo wale wanaodai kuwa muziki wa Queen ulitoka Unguja wanavuka mpaka wa ushahidi. Wengine hulitaja neno moja la Kiarabu lililomo katika wimbo wao mashuhuri wa mwaka 1975, neno ambalo kila mtoto wa Unguja hulitamka kabla ya kula. Hiyo ni dhana ya kupendeza, lakini dhana si hoja. Muziki aliufanyia mazoezi Panchgani, katika shule ya St. Peter's, ambako mwaka 1958 alikuwa mpiga piano wa bendi ya wanafunzi iitwayo The Hectics. Jina la Freddie nalo alilipata huko kwa wenzake. Masimulizi ya London na ya Unguja yote mawili huuruka mji huo, kwa sababu hakuna upande unaofaidika nao.

Hata hivyo, wanaomkana wana kosa kubwa kuliko wanaomdai kupita kiasi. Mwaka 2006 ilikusudiwa kufanyika Unguja sherehe ya miaka 60 tangu azaliwe. Jumuiya ya Uamsho ikaipinga kwa sababu ya mwenendo wa maisha yake, nayo ikafutwa. Mtu anaweza kuukataa mwenendo wa mwingine. Hawezi kuufuta uzazi wake. Kwa upande mwingine, wanaouza jina lake kwa watalii na wajiulize kama wangelikumbuka jina la Bulsara mtunza fedha, endapo mwanawe angekuwa karani asiyejulikana.

Hapo ndipo penye uzito wa mzozo huu. Tunapomwita mtu mwenzetu baada ya umaarufu wake, tunaipenda sifa wala hatumpendi mtu. Mhakiki wa haki ataipa kila bandari sehemu yake: Unguja ilitoa uzazi na utoto, Panchgani ilitoa piano na bendi ya kwanza, London ilitoa wenzake watatu na kiwanda. Hakuna sehemu inayoifuta nyingine.

Walimu wenzangu, somo hili twaweza kulitumia darasani pasipo kusikiliza hata wimbo mmoja. Tuwape wanafunzi tarehe hizi, kisha tuwaulize kila msimulizi alianzia wapi, na alifaidika nini kwa kuanzia hapo. Wakiisha kujibu, tuwaulize pia juu ya jirani zao wa Asiatique, ambao hawana makumbusho wala stempu. Mwanafunzi atakayeweza kusema kuwa hao nao ni wa hapa, kabla hawajawa mashuhuri, atakuwa amelielewa somo.